Kadi ya Ukoo wa Baba Mkwe

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma, nitarudia kidogo.

Mimi ni Kisilu wa Salama. Kazi yangu ni kupanga kadi za harusi na programu za mazishi katika duka la kuchapisha la rafiki yangu Thuo. Mwaka huu nilichoka kuwasifu marehemu ambao wakiwa hai hawakuwahi kunisalimia. Nikabuni mchezo wa kadi.

Kila ukoo wa Wakamba niliupa kadi yake, yenye picha na namba ya nguvu. Mchezo nikauita Mbai, neno letu la ukoo, nikijiuliza ni Mkamba gani atakayeukataa mchezo wenye ukoo wake ndani. Nikatangaza njia panda nzima kwamba Majoka imekwisha.

Majoka mnaijua. Ni zile kadi za ng'ambo zenye mazimwi ya mapembe, zinazouzwa ndani ya pakiti ndogo za kung'aa, na hujui utapata zimwi gani hadi uipasue. Watu wa boda wanacheza wakingoja abiria. Utingo wanacheza lori likipozwa. Kila mtu ana bunda lake, na kila mtu anabadilishana na kila mtu. Mimi nilikuwa bingwa wa Majoka pale Salama, na ili kuonyesha kwamba sitanii, nilimpa Mutisya wa boda bunda langu lote bure. Alilipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto kubatizwa.

Tuliachana simu ikilia. Alikuwa Nzilani, mchumba wangu, akipiga kutoka kwao Kanyangi.

"Baba ameona kadi," alisema.

"Kadi gani?"

"Ya ukoo wetu. Kwa ile pakiti uliniletea."

Ukoo wenyewe sitautaja hapa gazetini, maana nimeshaponzwa kwa kuutaja mara moja.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ameenda kutoa mbuzi wako kwa zizi, amewafunga kwa geti."

Aliye Mkamba hapo ameshika kichwa. Asiye Mkamba nimweleze. Hao ni mbuzi wa ntheo. Nilikuwa nimeshawapeleka, tukingoja tu siku ya wazee kukaa na kuwachinja. Wakichinjwa na kuliwa, Nzilani ni mke wangu hata kama hatujakanyaga mlango wa kanisa. Wakirudishwa, mimi na Nzilani ni watu waliowahi kujuana, basi.

Na mbuzi akifungwa getini, kichwa kikitazama barabara, hakuna haja ya kuuliza maana yake.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu nikidanganya hapa Nzilani atasoma. Mchezo wa kadi hauwezi kuwa na kadi kali tupu. Lazima ziwepo dhaifu, la sivyo kali zitamla nani? Katika Majoka kadi dhaifu ni panya na mzee wa uji, na hakuna mjukuu wa panya aliyewahi kuja kulalamika. Mimi nilikuwa nagawa namba kwa koo za watu walio hai, wenye panga na mabaraza.

Nilianza na ukoo wangu, nikaupa tisa, ambayo ndiyo namba ya juu kabisa. Mtu hajipigi ngumi ya jicho. Ukoo wa chifu nikaupa nane. Ukoo wa mwenye nyumba ninayopanga, saba. Nilipofika kwenye mbili nikaanza kutafuta watu ambao hawatanipiga, na nikaona ni wakwe. Wakwe watacheka, nikajiambia, wakwe ni watu wa utani.

Hiyo ndiyo akili niliyopewa, na bado nikajiita mbunifu.

"Anataka uje Jumamosi," Nzilani aliendelea.

"Niwachukue?"

"Amesema hivi. Kama hii kitu ni mchezo, lazima kuko na watu wanaicheza. Uje na mmoja, mcheze mbele yake aone. Kama hakuna mtu anaicheza, basi si mchezo. Ni matusi umechapisha na karatasi mzuri."

"Wachezaji ni wengi."

"Wako?"

"Salama imejaa."

Akacheka kidogo. Nzilani akicheka hivyo, ni heri angetukana.

"Si nilikuambia unifundishe," akasema.

"Nikakuambia ni mchezo wa kuumiza kichwa. Ungechoka bure."

"Sawa," alisema, na simu ikakatika.

Basi nilichohitaji ni mchezaji mmoja. Katika miji miwili ya barabarani na masoko yote yaliyo katikati, mtu mmoja tu aliyeujua mchezo wangu. Nikaona hilo ni jambo dogo.

Nilianzia dukani kwa Wamaitha, tunayemwita Mama Ben, kwa sababu ndiye aliyekuwa ananiuzia. Pakiti za Majoka zilikuwa zimening'inia mbele ya uso wa mteja, zikimeremeta. Zangu nilizikuta chini, kati ya dawa ya mbu na sumu ya panya.

"Mama Ben, za kwangu zinaenda?"

"Ilienda moja. Ikarudi."

"Ikarudi kwa nini? Ilikuwa na kasoro?"

"Kijana alisema hana mtu wa kucheza na yeye. Akauliza kama mimi najua. Mimi najua kupima sukari, Kisilu."

"Sasa angemwambia rafiki yake naye anunue."

"Alimwambia. Rafiki akasema atanunua akiona wengine wamenunua. Na hao wengine walikuja hapa wakaniuliza kama kuna mwenye amenunua." Alipangusa kaunta pale pasipokuwa na uchafu. "Kinyozi hajinyoi. Mchezo ni wa watu wawili na wewe unataka niuzie mmoja mmoja. Nitafutie wawili wenye wataingia hapa kwa mlango pamoja, nitauza."

"Majoka nayo ilianzaje? Si ilikuwa na wa kwanza?"

"Huyo wa kwanza simjui. Mimi nilikuta ikichezwa."

Hiyo ndiyo hekima ya biashara mliyo nayo. Kila mtu anangoja nyuma ya mwenzake, foleni imejaa, na mbele hakuna mtu. Kisha mnasema Mkamba habuni kitu.

Nikaenda kituo cha boda. Hapo nilipata taabu hata ya kufika, kwa sababu kadi zangu tulizichapisha kwa ile karatasi ngumu ya kadi za harusi iliyobaki dukani. Mtu wa Salama akimwona mwenzake anakuja na bunda la kadi za aina hiyo, anajua ni mchango. Wawili waliwasha pikipiki wakaenda bila abiria. Mmoja alijifanya amelala. Mutisya peke yake hakukimbia, na ni kwa sababu alikuwa amebebwa na mchezo, akicheza Majoka kwa bunda langu.

"Mutisya, wacha hiyo takataka. Kaa hapa nikufundishe Mbai. Jumamosi nakupeleka Kanyangi ule nyama."

"Nyama ya nini?"

"Ntheo yangu."

"Hiyo nitakula. Lakini hiyo mchezo sitaki, boss."

"Kwa nini?"

Alitoa leseni yake mfukoni. Nyuma yake, ndani ya plastiki, mlikuwa na kadi ya Malkia wa Majoka, mwanamke mwenye mabawa na meno. Salama nzima ilijua alivyoipata: alitoa redio ya nyanya yake, na nyanya hadi leo anasikiliza matangazo ya vifo kwenye redio ya majirani, kupitia ukuta.

"Unaona hii? Hii nikienda Kiboko, nikienda Emali, nikienda hata Mombasa, mtu anaiona anasema, wewe ni mtu. Nikihamia kwako, hii inakuwa nini?"

"Inakuwa karatasi. Ndivyo ilivyo hata sasa."

"Ndio sababu sihami."

Mjinga akisema neno la akili huwezi kumpiga. Ukimwambia mtu aache mchezo wake wa zamani humwambii tu anunue mpya. Unamwambia kwamba redio ya nyanya yake ilikwenda bure, na kwamba alikuwa mpumbavu miaka yote hiyo mchana kweupe. Nani atakupa asante kwa habari kama hiyo?

"Kadi za Mbai nilizokugawia za bure ziko wapi?" nikamuuliza.

Aligeuza simu yake. Ndani ya kava, nyuma, niliona kadi ya ukoo wake, moja, safi.

"Na nyingine?"

"Zingine za nini? Mimi nitabeba ukoo ya watu?"

Nikawauliza na wenzake. Yule aliyejifanya amelala alikuwa ameweka ya kwao ndani ya kofia ya pikipiki. Mwingine ameigandisha kwenye tangi. Kila mmoja alichomoa ukoo wake kutoka kwenye pakiti na kutupa koo za wengine, au kuwashia jiko.

"Lakini hizi ni za kubadilishana," nilisema. "Hapo ndipo utamu ulipo. Wewe unampa yake, yeye anakupa unayoitaka."

Mutisya alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Kisilu. Mimi nibadilishe ukoo yangu na nini?"

Nilikuwa nimetengeneza kadi za kubadilishana ambazo hakuna Mkamba atakayebadilisha. Zimwi la ng'ambo unaweza kuligeuza kesho kwa zimwi lingine, si la mama yako. Ukoo ukishaushika umeushika. Kitu nilichodhani kitawavuta ndicho kilichowafunga mikono, na ilibidi nifundishwe hivyo na mtu aliyeuza redio ya ajuza.

Mlango wa mwisho ulikuwa kanisani kwetu. Vijana wa kanisa hawana kazi Ijumaa jioni ila kungoja kwaya ianze, nikasema humo sitakosa mmoja. Nilikuwa bado natandaza kadi kwenye benchi Mchungaji Kyule alipotokea.

"Ndugu Kisilu, hizi ni nini?"

"Ni mchezo, Mchungaji. Koo zetu."

"Mambo ya koo na mababu tuliacha huko nyuma kwa giza. Hatuwezi kuyaleta kwa nyumba ya Bwana na namba juu yake."

Nyuma yake, kwenye ngazi za kanisa hilohilo, vijana wawili wa kwaya walikuwa wakicheza Majoka. Mmoja aliangusha mnyama wa vichwa saba na pembe kumi. Ule ni ukurasa mzima wa Ufunuo, na Mchungaji aliuruka kwa mguu kama anavyoruka dimbwi.

"Na zile, Mchungaji?"

Akageuka, akazitazama, akanirudia kwa upole. "Zile tumezizoea."

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilikusanya kadi zangu.

Nikabaki na Thuo. Thuo aliujua mchezo, kwa sababu ndiye niliyeujaribu naye dukani tulipokuwa tukiutengeneza, mteja akikosekana. Nilimwomba aje Kanyangi kama msemaji wangu na kama mchezaji. Alikubali, akavaa koti. Ila mfuko wa shati ulikuwa umetuna kidogo, na nilipouliza akatoa pakiti ya Majoka bila aibu.

"Umeirudia Majoka?"

"Sikuwa nimetoka, Kisilu. Nilikuwa nakusaidia."

Jumamosi tukafika kwa Mzee Nthiwa. Mbuzi wangu walikuwapo getini kama nilivyoambiwa, kamba fupi, wakitazama barabara. Mmoja alinitambua akalia. Ndiye peke yake aliyenikaribisha.

Mzee Nthiwa ni mkulima wa ndengu na ni mzee wa kanisa, mtu anayeongea taratibu kama anayechagua mbegu. Alitukalisha kivulini kando ya ghala. Nzilani alileta chai, akaweka, akaondoka bila kunitazama. Mzee alifungua kitabu cha nyimbo, akatoa kadi, akainyoosha kwangu kwa vidole viwili.

"Soma hiyo namba."

"Mbili, Mzee."

"Na ya ukoo yenu?"

Nilijaribu kumeza chai kwanza. "Tisa."

"Iko ingine chini ya mbili?"

"Hapana, Mzee."

"Basi sisi ndio mwisho." Alilisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba yangu alizikwa hapo nyuma. Alilima hii shamba na mkono. Sasa wewe umekuja kuniomba msichana, na mfukoni umebeba karatasi inasema baba yangu ni mbili. Ni nani aliandika?"

Wasomaji, hapa ndipo mwanamume husimama. Mimi nilibaki nimekaa.

"Ni Thuo," nikasema. "Yeye ndiye wa mashine."

Thuo aliweka kikombe chini. Akamgeukia Mzee.

"Mzee, mimi kwetu ni Murang'a. Hata majina ya mbai zenu nilikuwa sijui kutamka. Huyu alinipatia namba na mkono wake, nikapiga chapa. Nilimuuliza, hawa mbili ni akina nani? Akasema ni wakwe, watacheka." Akasimama, akafunga koti. "Chai ni tamu, asante. Mimi nitangoja hapo nje."

Akatoka. Akawapita mbuzi wangu, akavuka barabara mpaka kwenye daraja dogo la mfereji, na hapo palikuwa na vijana wawili wa Kanyangi ambao hakuwahi kuwaona maishani mwake. Akatoa pakiti yake mfukoni. Nao wakatoa zao. Chai yangu haikuwa imepoa, Thuo ameshaanza kucheka na watu wa ugenini, kwa mazimwi ya ng'ambo, bila kueleza sheria hata moja.

Mzee naye alikuwa akiwatazama. "Ile ndio mchezo," alisema. "Sasa ya kwako. Nionyeshe. Unacheza na nani?"

Mchezaji wangu pekee katika kaunti mbili nilikuwa nimemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mzee, ni mchezo wa kweli," nilianza kujitetea. "Hata hiyo mbili ina kazi. Kuna sheria tunaiita mwethya, kama ile ya kulimiana. Unaunganisha kadi mbili, nguvu zinajumlishwa. Kwa hiyo mbili ikisaidiwa inaweza kumshinda mkubwa."

"Kwa hivyo ukoo yangu peke yake haiwezi kulima."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo sasa hivi."

Nikaona mkono wake ukienda kwenye fimbo ili ainuke, na nikajua akiinuka ni kwenda kunishikisha kamba za mbuzi. Hapo sauti ikatoka jikoni.

"Mimi najua hiyo mchezo."

Alikuwa mama yake Nzilani, Mama Kalekye. Mzee alibaki nusu amesimama.

"Wewe umejulia wapi?"

"Kwa Nzilani. Tunacheza ndengu ikichemka. Ni mzuri. Lakini huyo hakuandika sheria ya mwethya vizuri, mtu anaweza kuita kila saa. Sisi tulisema ni mara moja tu, la sivyo haina maana."

Nilikuwa nimezunguka na kadi zangu Salama nzima nikidharauliwa na watu wa pikipiki, kumbe mchezo ulikuwa unachezwa jikoni kwa wakwe, na ulikuwa umerekebishwa.

"Basi njoo ucheze na yeye," Mzee alisema, kisha akajikumbuka mwenyewe. Mkwe na mama mkwe hawatazamani ana kwa ana, sembuse kukaa meza moja wakirushiana kadi. Hiyo ndiyo nthoni yetu, heshima ya ukwe, na hata Mzee kwa hasira zake hangeivunja. Mama Kalekye hakutokeza hata kichwa mlangoni.

Aliyetokea ni Nzilani, akifuta mikono kwa leso, na pakiti yangu mkononi. Ilikuwa imechakaa pembeni. Sijawahi kuona pakiti ya Mbai iliyochakaa.

"Nitacheza mimi," akasema.

Mzee aliketi. Nilimwona akipima jambo hilo, na lilimpendeza kuliko nilivyotaka.

"Sawa. Kisilu, wewe shika hiyo mbili, na iwe ya mwisho kutoka. Nataka kuona ikimaliza kazi. Ukishinda nayo, nitakubali ni mchezo, na wazee wataitwa wachinje. Ukishindwa, ni matusi. Utafungua kamba mwenyewe, na hapa kwangu hutarudi."

"Na sheria ya mwethya?" niliuliza.

"Ya mama," Nzilani alijibu. "Mara moja tu."

Akazichanganya. Niseme jinsi alivyozichanganya: kwa kasi, bila kuziangalia, akiongea na kuku aliyekuwa chini ya kiti. Akagawa. Kila mtu kadi sita, raundi tano, mwenye namba kubwa anakula, ile ya sita ni ya kuongezea mwethya ukiuita. Mimi nilikuwa na ile mbili tangu mwanzo, na kwa bahati nikapata na nane ya ukoo wa chifu. Nikatulia. Nikajiambia Nzilani ananipenda, na isitoshe mchezo ni wangu. Nani ataujua kunishinda?

Raundi ya kwanza nilitoa saba ya mwenye nyumba wangu, nikidhani atatishika. Alitoa tatu, akaniacha nile, uso mkavu. Alikuwa ananilisha kadi zake dhaifu ili mimi nimalize zangu nzuri. Mimi niliyeubuni sikuwahi kufikiria jambo hilo. Raundi ya pili akanila. Ya tatu akanila tena, na kwa tofauti ya moja, kama anayekata kitambaa kwa kipimo. Mzee alianza kusogeza kiti karibu. Ya nne nilinusurika, nikamla kwa shida. Tukawa sawa, mbili kwa mbili, imebaki moja.

"Hii ni mzuri kidogo," Mzee alisema peke yake.

Nilikuwa na kadi mbili mkononi: ile mbili ya Mzee na ile nane. Niliziweka zote pamoja mezani, polepole, ili aone.

"Mwethya," nikasema. "Mbili na nane. Kumi."

Mzee aliinama kuitazama kadi ya ukoo wake juu ya meza, ikiwa imeegemezwa na ya chifu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilegea. Kuna namba moja tu inayokaribia kumi katika mchezo huu, na ni tisa, na tisa hailingani na kumi. Nikaanza kupumua. Nikasikia hata harufu ya nyama.

Nzilani alitoa kadi. Ilikuwa tisa. Ukoo wangu.

"Tisa imeshindwa," Mzee alisema, na mkono wake ukaacha fimbo.

Lakini Nzilani hakuwa ameondoa vidole mezani. Chini ya vidole vyake ilikuwa kadi yake ya mwisho, imefunikwa, na mwethya wake alikuwa hajauita. Kadi yoyote ambayo angeiongeza kwenye tisa ilitosha. Hata ile ndogo kabisa iliyobaki ilitosha.

Nilimtazama nikimwomba kwa macho. Angeiacha tu hapo ilipo. Angesema imekwisha, wazee wakaitwa, kisu kikanolewa. Kutoka jikoni hakukusikika hata sufuria. Mama mkwe alikuwa akisikiliza.

Na mimi, niliyemdharau kila mtu kutoka Salama hadi Kanyangi kwa kutojua kucheza, nilielewa kwamba hatimaye nimempata mtu anayeupenda mchezo wangu kwa moyo wote. Mtu anayependa mchezo hivyo hawezi kuacha kadi nzuri ilale.

"Nzilani," nikasema.

"Ulisema ni ya kuumiza kichwa," alijibu. "Ukasema nitachoka."

Akaanza kuigeuza.